Mama Mkwe na Nukta za Maada ya Giza

Mama mkwe wangu nami hatujawahi kuonana uso kwa uso, na kwa maoni ya kila anayehusika huo ndio ushahidi kwamba tunaheshimiana. Mimi ni Mkamba. Yeye ni Mmasai wa upande wa Kisaju, kule ndani, ambako barabara ya Namanga husikika tu upepo ukielekea kwao. Siku wazee wetu walipokwenda kuposa, pande mbili zilibishana juu ya karibu kila kitu, pamoja na ng'ombe ambao mababu zao waliibiana kabla ya reli kufika. Jambo moja tu halikuchukua hata dakika mbili. Wamasai walisema kwao mume wa binti hakai chumba kimoja na mama wa binti, wala hamtazami usoni. Wazee wetu wakasema hata Ukambani ni vivyo hivyo. Wakatazamana kama watu waliogundua wana binamu mmoja, kisha wakarudi kwenye hesabu ya mbuzi.

Najua familia nyingi zimeacha mambo haya. Mwenzangu mmoja shuleni hula ugali meza moja na mama mkwe wake na wanabishana kuhusu mpira. Sisi hatukuacha. Yeye hakutaka kuacha na mimi, nikisema kweli, niliona ni utaratibu mzuri. Siku ya harusi nilichokiona cha mama mkwe kilikuwa ncha ya shuka nyekundu nyuma ya hema na mkono ulioshika mwavuli. Sauti yake niliijua vizuri, maana sauti inaruhusiwa. Angeweza kukaa upande wa pili wa ukuta na kunieleza makosa yangu yote bila kuvunja mila hata moja.

Alipopata mtoto wa jicho katika macho yote mawili, mke wangu alisema mama yake atakuja kukaa kwetu Kitengela mpaka apasuliwe na kupona. Hospitali ilikuwa Kajiado, na kutoka kwetu ni rahisi kufika kuliko kutoka kwao. Nilikubali mara moja. Kisha nikakumbuka kwamba nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, sebule moja, jiko, na korido ambayo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi.

Tukapanga. Mimi nilipotaka kutoka chumbani nilikohoa mara mbili. Yeye alipokuwa koridoni aligonga kikombe kwa kijiko. Sebule ilikuwa yake tangu ninapokwenda shuleni mpaka ninaporudi, na yangu baada ya hapo. Kwa wiki ya kwanza nilikohoa mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza kama nimepima kifua.

Nilikuwa ninaishi na mtu nisiyemwona, ninayemjua kwa jinsi vitu vingine vilivyosogea. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kielekee dirishani. Sukari ilikuwa imepungua. Chai yangu, ambayo alisema ni maji yaliyotembelewa na ng'ombe, ilianza kupikwa kwa maziwa matupu. Kwa kuwa nilikuwa ninaandika tasnifu ya udaktari juu ya maada ya giza, mke wangu aliliona jambo hilo kuwa kichekesho kikubwa. Mimi sikucheka, kwa sababu tasnifu yenyewe haikuwa ikichekesha.

Nilikuwa katika mwaka wa tisa. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na utafiti niliufanya wikendi na likizoni, kwa kompyuta ya chuo niliyoifikia kupitia intaneti ya nyumbani, ikiwepo. Kabla ya harusi, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza, niliwaambia wakwe zangu haitachukua muda. Shemeji yangu aliamua kuniita Dokta tangu siku hiyo ili, kama alivyosema, tusije tukapoteza muda baadaye. Miaka tisa aliniita hivyo bila kutabasamu. Sasa chuo kilikuwa kimeniandikia barua kwamba muda wa nyongeza niliopewa ndio wa mwisho. Nisipotetea tasnifu kabla ya muhula kwisha, jina langu litafutwa. Tarehe ya kutetea ilikuwa imeshapangwa, wachunguzi walikuwa wameshaisoma kazi, na hakuna aliyekuwa na malalamiko. Nilichobakiwa nacho kilikuwa kutofanya jambo la kijinga kwa wiki saba.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa kifupi, maana nimekuwa nikiieleza kwa kifupi kwa muda mrefu sana. Sehemu kubwa ya maada iliyomo ulimwenguni haionekani. Haitoi mwanga wala haizuii mwanga. Tunajua ipo kwa sababu galaksi zinazunguka kwa kasi ambayo ingezitawanya kama kisingekuwapo kitu cha kuzishikilia. Ni kitu gani, hakuna ajuaye. Wengi wanadhani ni chembe nzito zilizokuwa zikienda polepole tangu mwanzo, na hiyo huitwa maada baridi. Wengine wanadhani chembe hizo zilikuwa na mwendo kidogo, hiyo ni vuguvugu. Wapo wanaosema ni nyepesi mno kiasi kwamba zinatenda kama mawimbi, na wapo wanaosema zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Kila dhana hujenga ulimwengu wa namna yake. Kazi yetu ni kuiingiza dhana kwenye kompyuta, kuuacha ulimwengu ukue, kisha kuulinganisha na ule wa Mungu.

Wanafunzi wa kidato cha nne ninawaambia waifikirie barabara ya Namanga. Magari yakienda polepole, kila kona itaota kibanda cha mahindi ya kuchoma, vibanda vitageuka senta, na senta zitageuka mji. Ndivyo maada baridi inavyojenga. Vidogo hutangulia, vikubwa hufuata, na vidogo vingi hubaki. Lakini magari yote yakipita mbio, vibanda havioti. Utakuwa na Kitengela hapa na Kajiado kule, na katikati nyasi tu. Hiyo ni maada vuguvugu. Shida ni kwamba ulimwengu wa kweli una galaksi ndogo chache kuliko zinavyotabiriwa na maada baridi ukihesabu haraka haraka, na wengi waliogopa kwamba maada vuguvugu itatoa chache mno.

Mimi nilikuwa nimeonyesha kwamba haitoi chache mno. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya nne. Katika ulimwengu wangu wa kompyuta, maada vuguvugu ilijipanga kama nyuzi ndefu zinazounganisha galaksi kubwa, na juu ya nyuzi hizo kulikuwa na mabonge madogo madogo ya kuzaa galaksi ndogo, mengi ya kutosha kabisa. Sura tano zilizobaki ziliiegemea sura ya nne. Niliipenda. Nilikuwa nimeichapisha picha yake kubwa, karatasi nne zilizobandikwa pamoja kwa selotepu, na niliiacha mezani sebuleni kwa sababu nilipenda kuipita nikiiangalia.

Mama mkwe alipasuliwa jicho la kwanza, kisha la pili. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa alirudi nyumbani akaanza kuangalia kila kitu. Taarifa zilinifikia kupitia kwa mke wangu. Mama amesema geti limepinda. Mama amesema kuna buibui juu ya kabati na anaonekana amekaa miaka. Mama ameuliza kwa nini hukumwambia kwamba binti yake amezeeka. Hilo la mwisho mke wangu alilileta kwa sauti tofauti.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa jikoni nikijaribu kupika chai kwa kiwango kipya. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa.

"Mwalimu," aliita.

"Naam, Mama. Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia. "Hii karatasi iko kwa meza ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama. Ni ya chuo."

"Ni shamba ya wapi?"

"Si shamba. Ni huko juu. Ni vile vitu vilikaa huko juu kabla ya nyota."

Nilidhani tumemaliza, nikaongeza maziwa.

"Na nani alipima?"

"Hakuna mtu alipima, Mama. Zimekaa zenyewe."

"Mwalimu, mimi nilipikia masorveya, wale wa kupima ardhi, chai miezi tatu wakati walikuwa wanagawa ranchi yetu. Najua mahali sorveya amepita. Wanaweka bikoni ya mpaka, wanatembea hatua zao, wanaweka ingine. Watu hawakai hivi. Watu wanakaa mahali iko maji, wanakosana, mmoja anahama. Hii laini yako imekaa hatua sawa sawa. Hata ng'ombe hawezi lala hivi."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa upole wa mtu anayejua zaidi, nao ni upole mbaya sana. Nilisema mvutano huikusanya maada, kwamba uzi mrefu hukatika vipande, kwamba vipande vinaweza kukaribiana kwa urefu, kwamba kuna hesabu za jambo hilo. Nilizungumza na mlango kwa karibu dakika kumi. Chai ilifurika.

"Sawa," alisema nilipomaliza. "Lakini uliza."

Nilikasirika. Nasema wazi kwa sababu baadaye watu wamenipongeza kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao. Nilikuwa na shahada mbili na robo tatu, na nilikuwa nimeulizwa swali juu ya ulimwengu na mwanamke aliyekuwa ametoka kuona buibui kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Jumapili alipogonga kikombe koridoni aliuliza, "Umeuliza?" Nikasema bado. Jumatatu kabla sijatoka aliuliza tena. Nikasema nitauliza. Sikuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa mtu wa kuulizwa swali hilo katika tarafa nzima nilikuwa mimi.

Jumatatu hiyo nilikuwa na kipindi kitupu baada ya mapumziko. Nilikuwa nimeikunja picha na kuiweka mkobani, nikijiambia kwamba ni ili isiendelee kuangaliwa. Niliitandaza kwenye meza ya maabara, nikaazima kwa mwanafunzi wa kidato cha pili rula ya seti yake ya jiometri, na nikapima umbali kati ya bonge na bonge kwenye uzi ule mrefu zaidi. Milimita saba. Milimita saba. Saba na nusu. Saba. Nilihamia uzi mwingine. Saba.

Nilijua papo hapo. Ninapoanza kuujenga ulimwengu wa kompyuta, chembe siwezi kuzimwaga tu kama mchele. Ninazipanga kwenye gridi, safu kwa safu, kwa umbali sawa, kisha ninazisukuma kidogo kidogo kulingana na dhana. Maada baridi ina mabonge yake mengi ya kweli, kwa hiyo gridi hufunikwa upesi. Maada vuguvugu ni laini. Palipo laini, ile gridi ya mwanzo hujitokeza upya, na uzi hukatika si mahali mvutano unapotaka bali mahali mimi nilipoweka chembe. Tatizo hili linajulikana. Lipo vitabuni. Nilikuwa nimelisoma katika mwaka wa pili na nikaandika pembeni kwa penseli, "kuwa makini".

Kilichoniudhi zaidi ni swali la kwa nini sikuliona. Nilikuwa nimeiangalia picha ile kila siku kwa mwaka mzima. Jibu nililipata nilipokuwa natembea kurudi nyumbani jioni, kupitia mtaa wetu. Nyumba, ukuta, nyumba, ukuta. Ploti ya futi hamsini kwa mia, halafu nyingine ya hamsini kwa mia, mpaka macho yanapoishia. Tangu nihamie Kitengela sijaishi mahali ambapo makao ya watu hayakupangwa kwa kamba. Niliziona nukta zilizopangana umbali sawa na moyo wangu ukaniambia, hapa wanakaa watu.

Bado kulikuwa na nafasi ndogo kwamba nimekosea kukosea. Njia ya kuthibitisha ni moja. Unaujenga ulimwengu uleule upya kwa chembe nyingi zaidi, yaani gridi iliyobanana zaidi. Mabonge ya kweli yatabaki palepale yalipo. Ya uongo yatasogea, yafuate gridi mpya. Nilituma kazi hiyo kwenye kompyuta ya chuo, nikasubiri siku tisa. Kila asubuhi kijiko kiligonga kikombe na sauti ikauliza, "Umeuliza?" Sasa niliweza kujibu, "Nimeuliza, Mama. Bado kujibiwa."

Majibu yalikuja saa nne asubuhi siku ya Jumatano, nikiwa chumba cha walimu. Mabonge yalikuwa yamesogea. Umbali kati yao ulikuwa umepungua kwa kiasi kilekile nilichoibana gridi, kwa usahihi ambao katika hali nyingine ungenifurahisha. Katika uzi ule mrefu, yaliyobaki palepale yalikuwa kumi na moja. Kabla ya hapo nilikuwa na sabini na kitu. Nilikwenda darasani nikafundisha msuguano kwa dakika arobaini na sikumbuki hata neno moja nililosema.

Nilimpigia simu profesa wangu anayenisimamia. Ni mama mpole, na kwa miaka hiyo yote amekuwa akinitetea katika vikao ambavyo nisingependa kujua kilichosemwa. Nilimweleza.

"Wachunguzi wamesoma na hawajasema kitu," alisema. "Kutetea ni wiki mbili kutoka leo. Unaweza kuweka aya moja mwishoni, useme kuna haja ya kupima tena kwa chembe nyingi. Watu hufanya hivyo. Ukishapata digrii, unarekebisha kwenye makala."

"Na nikisema yote?"

"Ukisema yote, sura ya nne inaanguka. Na wewe unajua nini kimeegemea sura ya nne."

Nilimshukuru. Nataka ieleweke kwamba niliupenda ushauri wake kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Niliiandika ile aya moja jioni hiyohiyo, na ilikuwa aya nzuri.

Mke wangu ana duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Kesho yake nilipita pale mchana nikamweleza nikiwa nimesimama kati ya dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe. Alinisikiliza huku akimhudumia mzee aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Mzee alipoondoka, mke wangu alikaa kwenye kreti.

"Miaka tisa nimekuwa nikiambia watu uko karibu," alisema. "Mimi nilitaka tu iishe. Sijali ikiishia wapi."

"Najua."

"Nani mwingine anajua?"

"Profesa. Na mama yako."

"Mama anajua?"

"Ni yeye aliniambia."

Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, na katikati ya kucheka akawa analia. Nilikuwa nimemwona akilia mara mbili tu tangu tuoane. Aliingia mtu kutaka sindano za ndama, naye akampa huku machozi yakimtiririka. Yule mtu akauliza ni nani amefariki.

Wiki zile mbili nilikuwa na tasnifu mbili kwenye kompyuta, moja yenye aya nzuri na nyingine yenye picha mbili zikiwa sambamba, ya gridi ya kwanza na ya gridi ya pili. Usiku nililala vizuri, nadhani kwa uchovu. Mchana ndio uliokuwa mgumu. Mama mkwe alikuwa ameacha kuniuliza. Nilimwambia siku ya majibu kwamba nimejibiwa, na yeye akasema, "Haya," basi. Sikumwambia jibu lenyewe na hakuliuliza. Kijiko kiligonga kikombe, mimi nikakohoa, tukapishana. Nilitamani aulize. Angeuliza ningekasirika, na ningekasirika ningekuwa na sababu ya kutumia ile aya.

Siku ya kutetea nilivaa suti ya harusi. Mke wangu hakuniuliza nimebeba tasnifu ipi. Shemeji alikuwa amekuja asubuhi na mbuzi, kwa amri ya mama yake, maana hakuna aliyemweleza mama huyo kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Nilipotoka getini mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akinitazama kwa hali ya kutojali.

Wachunguzi walikuwa watatu. Picha ya kwanza niliyowaonyesha ilikuwa ile ya milimita saba. Ya pili ilikuwa ya gridi mpya. Nilisema mabonge mengi ya sura ya nne si ya maada vuguvugu, ni ya kwangu. Nilieleza kwa dakika ishirini. Mchunguzi wa kutoka nje aliondoa miwani akaisogelea skrini.

"Hili hata mimi lilinipita," alisema. "Uligunduaje?"

"Niliambiwa nyumbani."

Aliandika kitu. Nadhani aliandika hivyohivyo.

Nilitolewa nje nikakaa kwenye benchi ya korido kwa dakika arobaini, karibu na tangi la maji lililokuwa likivuja. Nilijaribu kuhisi kwamba nimefanya jambo zuri. Nilihisi njaa, na hofu, na hasira kwa gridi. Waliponiita, mwenyekiti alisema kwamba kwa uaminifu niliouonyesha walitaka kunisaidia, lakini bila sura ya nne kilichobaki hakitoshi shahada ya udaktari, na kanuni hazimruhusu mtu aliyemaliza muda wa mwisho kuwasilisha upya. Ningeweza kuomba nafasi mpya na kuanza tena mwaka wa kwanza. Au wangeweza kupendekeza nitunukiwe shahada ya uzamili. Niliwaambia ya uzamili ninayo. Mwenyekiti akaangalia karatasi zake na kusema, "Aa, ndiyo." Profesa wangu alikuwa akitazama dirishani.

Nilifika Kitengela saa tisa alasiri. Moshi wa nyama niliunusa kabla sijafika getini. Mke wangu alikuwa amesimama uani na kisu, akaniangalia usoni, na hakuhitaji kuuliza. Alikiweka kisu chini, akaja akanishika mkono wa suti kwa muda, kisha akarudi kuokota kisu kwa sababu nyama haikuwa ya kusubiri. Shemeji alikuwa akigeuza mbavu juu ya makaa. Aliendelea kugeuza.

Niliingia ndani, nikakohoa mara mbili. Hakuna kijiko kilichogonga. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa, na mimi nikakaa chini koridoni, mgongo ukutani, na suti yangu ya harusi.

"Mwalimu."

"Naam, Mama."

"Umepita?"

"Sijapita, Mama."

Nikamsikia akisogeza kiti. Nje mtu alikuwa akiomba chumvi.

"Ni hii kitu niliongea?"

Ningeweza kusema hapana. Ingekuwa heshima kusema hapana, na yeye asingeweza kuuona uso wangu. Nilifungua kinywa nikiwa nimekusudia kusema hapana.

"Ndiyo, Mama. Ni hiyo."

"Ningenyamaza, ungepita?"

"Ningepita."

"Na nani angejua?"

"Wewe, Mama."

Nilisikia pumzi yake, nikasikia akipangusa pua kwa shuka, na mimi pia nilikuwa nalia, jambo ambalo lilikuwa limeanza bila kuniambia. Kisha mlango ukafunguka kiasi cha sahani. Niligeuza uso ukutani kama inavyotakiwa, nikanyoosha mkono nyuma, nikapokea. Ilikuwa mbavu, na sahani ilikuwa ya moto.

"Kula kwanza," alisema. "Halafu uniambie zile zimebaki zimekaa wapi."

Nikala. Nukta za kweli zilikuwa kumi na moja. Nilianza na ile ya mwanzo wa uzi.